Homa iliondoka, viungo vikabaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chikungunya sugu na seli za kinga

Homa ya chikungunya haikai. Kwa kawaida inaondoka ndani ya wiki moja, na wagonjwa wengi maumivu nayo yanawaachia polepole. Lakini wapo wanaofika mwezi wa sita, hata mwaka wa pili, na bado wakiamka wanakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, wanakunja na kukunjua vidole mpaka vikubali. Hao ndio ninaowaandikia, pamoja na ndugu wanaowauguza ambao wameanza kujiuliza kama mgonjwa anajidekeza. Hajidekezi. Kuna jambo linaendelea ndani ya viungo vyake, na sehemu kubwa ya jambo hilo ni kazi ya seli za kinga ya asili.

Chikungunya ni ugonjwa gani, na jina hili limetoka wapi?

Ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu wa Aedes, wale weusi wenye mabaka meupe miguuni ambao huuma mchana. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa iliyokuwa Tanganyika. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo ya mlipuko huo mwaka 1955. Jina ni la Kimakonde na linamweleza mtu aliyepindika kwa maumivu, na mpaka leo dunia nzima inauita ugonjwa huu kwa neno hilo. Wamakonde walikuwa wameshaona kitu ambacho maabara zilichukua miongo kadhaa kukieleza: homa inapita, mkao uliopinda unabaki.

Mwaka 2004 virusi hivi viliibuka Lamu, vikashuka Mombasa, vikavuka hadi Komoro, na kati ya 2005 na 2006 vikaikumba Réunion. Huko waliugua watu zaidi ya 260,000 katika kisiwa chenye wakazi wasiofika 800,000. Badiliko moja dogo kwenye protini ya ganda la kirusi lilikuwa limekiwezesha kustawi vizuri ndani ya Aedes albopictus, mbu aliyejaa kisiwani humo. Mwishoni mwa 2013 vikatua Karibi na kuenea Amerika yote. Mengi tunayoyajua kuhusu maumivu ya muda mrefu yalitokana na wagonjwa wa Réunion waliokubali kufuatiliwa mwaka baada ya mwaka, na mmoja wao tutamkuta hapa chini.

Ugonjwa unahesabiwa kuwa sugu lini?

Maumivu yakipita miezi mitatu. Ni wagonjwa wangapi wanafika huko, inategemea mlipuko na umri wao, lakini kiwango kinachotajwa mara nyingi ni watu 30 hadi 40 katika kila 100.

Kinga ya asili ni ipi? Inatofautianaje na ile inayotokana na chanjo?

Kinga ya asili ni ile unayozaliwa nayo. Haihitaji kumjua adui kwa jina. Inatambua dalili za jumla, kwa mfano aina ya RNA (maandishi ya kijenetiki yanayobeba maagizo ya kirusi) ambayo seli ya binadamu haiitengenezi, na inachukua hatua ndani ya saa chache. Humo mna seli zinazokula na kusafisha, yaani makrofaji, na monosaiti ambazo ndizo chipukizi zake zinazozunguka kwenye damu. Mna pia nyutrofili, seli za dendriti na seli za NK, ambazo huua seli zilizoambukizwa.

Kinga ya kujifunza, yenye kingamwili na seli T, huchukua siku kadhaa kujipanga, lakini ikishajipanga hulenga kirusi kilekile na kukikumbuka kwa miaka. Chanjo hufundisha hii ya pili. Katika chikungunya zote mbili zinafanya kazi, na matatizo ya miezi ya baadaye huzaliwa pale zinapokutana kwenye kiungo.

Nini hutokea kuanzia mbu anapouma?

Mbu hachomi sindano safi. Anatema mate, na mate hayo yanaita seli za kinga mahali alipouma. Majaribio ya panya kwa virusi vya jamii hii yameonyesha kwamba nyutrofili hufika kwanza, zikafuatwa na seli za ukoo wa monosaiti, na kundi hili la pili likawapa virusi seli nyingine za kuambukiza. Ndiyo maana kirusi kilichoingia pamoja na kuumwa na mbu hustawi kuliko kile kilichodungwa kwa sindano peke yake. Yaani tangu dakika za mwanzo, msaada unaokuja mbio unaweza kutumiwa na adui. Lishike hilo, kwa sababu litajirudia.

Seli ambazo chikungunya huzipenda zaidi mwanzoni ni fibroblasti, zile zinazofuma tishu za ngozi, misuli na viungo. Mlango mmoja wa kuingilia ni protini iitwayo Mxra8, iliyotambuliwa mwaka 2018. Kirusi kikishaingia, RNA yake yenye herufi karibu 11,800 inaanza kunakiliwa, na hapo seli inashtuka. Vipokezi vya RIG-I na MDA5 vinainasa RNA hiyo ngeni, na seli inaanza kumwaga intaferoni. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo: seli jirani zikiipokea intaferoni zinafunga milango, zinawasha mamia ya jeni za ulinzi, na kirusi kinakosa pa kuzaliana.

Kirusi nacho kina lake. Protini yake moja, nsP2, huingia kwenye kiini cha seli na kuzima usomaji wa jeni, ili amri za ulinzi zisitekelezwe. Kwa siku chache mashindano haya yanakuwa makali sana, na nakala za RNA ya kirusi zinaweza kufika bilioni moja katika mililita moja ya damu. Ndizo siku za homa ya ghafla. Panya waliokomaa walionyimwa kipokezi cha intaferoni hufa ndani ya siku chache, ilhali wenzao wenye kipokezi hicho huishia kuvimba mguu na kupona. Kama kuna seli unazopaswa kuzishukuru kwa kuwa hai baada ya chikungunya, anza na fibroblasti za ngozi yako zilizopiga mbiu mapema.

Virusi hutokaje kwenye damu?

Kwa njia mbili hivi. Katika panya, makrofaji zilizokaa kwenye mishipa midogo ya ini huvinasa virusi vinavyopita kwa kutumia kipokezi kiitwacho MARCO, kama wavu mtoni. Kisha, kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza, kingamwili zinaingia na kumaliza kazi. Panya wasio na seli B, yaani wasioweza kutengeneza kingamwili, hubaki na virusi kwenye damu kwa muda mrefu sana.

Na kwenye viungo, makrofaji zinafanya nini?

Hapa tusogee karibu, kwa sababu ndipo kilipo kiini cha ugonjwa wenyewe.

Chukua kiungo kimoja kidogo, kile cha katikati ya kidole cha shahada. Kimezungukwa na utando laini unaotoa ute wa kulainisha. Kiungo kikiwa kizima, utando huo una makrofaji wakazi zilizojipanga ukingoni, bega kwa bega, na kuzuia seli wageni zisiingie ovyo. Nyingine hukaa kando ya mishipa midogo ya damu. Kazi yao ya kila siku ni ya kimya: kuokota mabaki ya seli zilizokufa na kuyameng'enya.

Virusi vinapoingia kwenye utando na kuua fibroblasti, makrofaji hizi zinakula mabaki pamoja na RNA ya kirusi iliyomo ndani yake. Pia zinaita msaada. Moja ya kemikali zinazotolewa ni CCL2, ambayo kwa monosaiti ni kama harufu ya kufuata. Monosaiti zinatoka kwenye uboho wa mifupa, zinapita kwenye damu, zinapenya ukuta wa mshipa na kuingia kwenye utando, na huko zinageuka kuwa makrofaji mpya. Hizi mpya hazina utulivu wa wakazi wa zamani. Zinamwaga IL-6, IL-1 na saitokini nyingine, yaani kemikali ambazo seli za kinga hutumia kuitana na kuchocheana, mishipa inavuja, ute unajaa, kiungo kinavimba na kupata moto. Ukijaribu kukunja kidole hicho asubuhi unahisi kama kimejazwa mchanga.

Kwa ugonjwa wa wiki mbili, hiyo ni kazi nzuri iliyofanywa kwa fujo. Makrofaji zikimaliza usafi zinapaswa kubadilika, ziache kumwaga saitokini za moto na kuanza kutoa ishara za uponyaji. Katika ugonjwa sugu, mgeuko huo unachelewa au haukamiliki.

Basi si tuzizuie monosaiti zisifike kwenye kiungo?

Ni wazo ambalo yeyote angelipata, na watafiti walilijaribu kwa njia mbili. Matokeo yalipingana, na tofauti hiyo inafundisha sana.

Njia ya kwanza ilikuwa kuwapa panya bindarit, dawa inayopunguza utengenezaji wa CCL2. Monosaiti chache zaidi zikafika, na uvimbe ukapungua. Njia ya pili ilikuwa kutumia panya waliozaliwa bila CCR2, kipokezi ambacho monosaiti hukitumia kuifuata CCL2. Hapo mambo yaliharibika. Nafasi iliyoachwa na monosaiti ilijazwa na nyutrofili, uvimbe ukawa mkubwa na mrefu zaidi, na gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni, ikaliwa.

Mimi nasoma matokeo hayo hivi: kupunguza makali ya seli hizi kunaweza kusaidia, kuziondoa kabisa ni kuwaondoa wasafishaji nyumba ikiwa bado imejaa vifusi. Kila ninapoona tangazo la kitu kinachodai kuzima uvimbe wote mwilini, nawakumbuka wale panya.

Je, virusi bado vimo mwilini mwangu?

Virusi hai vinavyozaliana kwenye damu, hapana. Mabaki ya virusi kwenye tishu, inawezekana.

Ushahidi wa kwanza mzito ulitoka kwa nyani aina ya makaki mwaka 2010. Baada ya damu yao kusafika, RNA na protini za kirusi ziliendelea kuonekana kwa wiki nyingi kwenye wengu, ini, tezi za limfu, misuli na viungo, na makrofaji zilikuwa miongoni mwa seli zilizozibeba. Mwaka huohuo ukachapishwa uchunguzi wa mgonjwa wa Réunion niliyemtaja mwanzo. Miezi 18 baada ya kuugua, kipande kidogo cha utando wa kiungo chake kilichunguzwa, na kwenye makrofaji zilizozunguka mishipa ya damu zikakutwa RNA na protini za chikungunya.

Upande wa pili, watafiti waliochota ute wa viungo vya wagonjwa wa Colombia karibu miezi 22 baada ya maambukizi hawakupata kirusi chochote. Watu wengine huona hapo mgongano. Kwangu haupo, au si mkubwa kama unavyosemwa. Ute ni kimiminika na utando ni nyama, na kinachojificha ndani ya seli za ukutani hakilazimiki kuelea kwenye ute. Inawezekana pia kwamba watu hawafanani: wengine wamebaki na mabaki ya kirusi, wengine wamebaki na uvimbe peke yake.

Mwaka 2019 lilipatikana jambo jingine. Kwa kutumia panya ambao seli zao zilipakwa alama ya kung'aa pindi zinapoambukizwa, watafiti waliona kwamba baadhi ya fibroblasti na nyuzi za misuli huambukizwa na hazifi. Wiki kadhaa baadaye bado zilikuwapo, na RNA ya kirusi ilikuwa imejikusanya kwenye seli hizo. Kwa hiyo makrofaji huenda si ghala pekee. Huenda pia zinapata RNA hiyo kwa kula majirani zao, kama ilivyo kazi yao.

Ni kama VVU, kwamba kirusi kimejificha na kitaibuka tena?

Hapana. VVU hujishona ndani ya DNA ya seli na kukaa humo. Chikungunya ni kirusi cha RNA kisicho na uwezo huo. Kinachobaki, kama kipo, ni RNA inayodumu kwenye baadhi ya seli, na hakuna mtu anayerudi kuwa na homa ya chikungunya baada ya mwaka kwa sababu kirusi kimeamka.

Kwa nini basi mabaki tu yaniumize?

Kwa sababu RNA ya kirusi inanuka vilevile kwa vipokezi vya kinga, iwe ya kirusi kizima au ya kipande. Seli iliyoibeba inaendelea kupiga mbiu kidogokidogo. Makrofaji zinazoisikia zinatoa saitokini, zinavuta monosaiti nyingine, na seli T za CD4, ambazo sasa zimeshajifunza kukitambua kirusi, zinaingia na kuchochea zaidi. Katika panya, uvimbe wa mguu hupungua sana seli T za CD4 zikiondolewa, ingawa kiasi cha virusi hakipungui. Yaani maumivu na idadi ya virusi ni vitu viwili tofauti, na mtu anaweza kuwa na maumivu makali huku virusi ni haba au havipo kabisa.

Wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu wamekutwa na IL-6 na GM-CSF nyingi zaidi kwenye damu kuliko waliopona. GM-CSF ni chakula cha ukoo wa monosaiti na makrofaji: huzikuza na kuzichochea. Mduara unajifunga hapo, makrofaji zikichochea zinazozichochea.

Je, mfupa unaweza kuliwa?

Kwa baadhi ya wagonjwa, ndiyo. Seli zinazokula mfupa zinatokana na ukoo uleule wa monosaiti, na huamshwa na ishara iitwayo RANKL. Seli zinazojenga mfupa zikiambukizwa chikungunya hutoa RANKL na IL-6 kwa wingi, na breki ya ishara hiyo hupungua. Ndiyo sababu maumivu yanayokaa miezi yakiambatana na uvimbe unaoonekana yanastahili kupigiwa picha na kufuatiliwa, wala mtu asiambiwe tu avumilie.

Nyutrofili na seli za NK zina nafasi gani?

Ndogo kuliko makrofaji katika hatua sugu, ila zipo. Nyutrofili hutema nyuzi za DNA yake yenyewe zikawa nyavu za kunasia virusi, lakini zikijazana kiungoni, kama kwa wale panya wasio na CCR2, huharibu gegedu. Seli za NK huamka mapema sana, na kwa wagonjwa limeonekana kundi lake moja likiongezeka wakati wa maambukizi, kana kwamba nazo zinajifunza kidogo.

Kipimo kimetoka safi na nimeambiwa sina ugonjwa. Kweli sina?

Swali hili linaniuma kuliko mengine yote, maana watu hurudishwa nyumbani kwa jibu hili wakiwa hawawezi hata kufungua kifuniko cha chupa.

Kipimo cha PCR hutafuta RNA ya kirusi kwenye damu, na dirisha lake ni wiki ya kwanza ya homa. Ukipimwa mwezi wa nne na kukutwa huna kirusi, hayo ndiyo majibu yaliyotarajiwa. Hayasemi chochote kuhusu kinachoendelea kwenye utando wa kiungo. Kipimo cha kingamwili kinafaa zaidi wakati huo: IgM huanza kuonekana karibu siku ya tano na hudumu miezi kadhaa, IgG hukaa miaka. IgG peke yake inathibitisha tu kwamba uliwahi kuambukizwa, kwa hiyo daktari lazima aiunganishe na historia yako na hali ya viungo anavyovishika kwa mikono yake.

Ni sawa na baridi yabisi?

Vinafanana sana kwa nje: viungo vidogo vya pande zote mbili, kukakamaa asubuhi, uvimbe. Hata kwenye utando utakuta seli za aina moja. Tofauti ni chanzo, na pia kwamba kingamwili za kipekee za baridi yabisi kwa kawaida hazipatikani kwa mgonjwa wa chikungunya. Zikipatikana, huenda una magonjwa mawili.

Nani yuko kwenye hatari zaidi ya kubaki na maumivu?

Waliovuka miaka 40 au 45, waliougua vikali sana wiki ya kwanza, na waliokuwa na ugonjwa wa viungo tangu awali. Tafiti nyingi zinawaonyesha pia wanawake kuliko wanaume.

Nitumie nini kuongeza kinga?

Usitumie. Nalisema hili kwa upendo, kwa sababu najua pesa na matumaini yanayomwagwa kwenye vidonge na unga wa kuongeza kinga.

Rudi kwenye hesabu ya siku. Katika siku tatu za mwanzo, intaferoni nyingi na za haraka zinaokoa, na mwili unazitengeneza wenyewe. Katika mwezi wa sita hakuna upungufu wa kinga. Kilichopo ni kinga inayoendelea kufanya kazi mahali ambapo ingeshapumzika. Kama kweli kuna kitu kingeweza kuzichochea makrofaji zako zaidi, hutakitaka kwenye magoti yako. Unachohitaji ni kuzisaidia zitulie: usingizi wa kutosha, kutovuta sigara, kupunguza uzito kama umezidi, na kuvisogeza viungo taratibu kila siku. Kiungo kisichotumika hukakamaa, na misuli inayokizunguka hunyong'onyea.

Nasikia klorokwini inasaidia. Ni kweli?

Klorokwini huzuia kirusi kwenye bakuli la maabara, na ndiyo maana ilijaribiwa Réunion mwaka 2006 kwa wagonjwa wapya. Haikufupisha ugonjwa. Wagonjwa walipoulizwa siku ya 200, waliomeza klorokwini ndio waliolalamika zaidi maumivu ya viungo. Majaribio ya makaki yalieleza sababu inayowezekana: dawa hiyo ilichelewesha mwitikio wa kinga, na kirusi kikapata nafasi. Usiimeze wakati wa homa.

Dada yake, haidroksiklorokwini, madaktari huitumia wakati mwingine katika hatua sugu kwa ajili ya kutuliza uvimbe. Hilo ni jambo jingine na linahitaji usimamizi wao.

Dawa zipi zinafaa, na kwa wakati gani?

Wiki ya kwanza: parasetamoli kwa kipimo chake, maji ya kutosha, mapumziko. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache mpaka ithibitishwe kwamba si dengi, kwa kuwa mbu wale wale hueneza dengi na dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu.

Baadaye, dengi ikishaondolewa shakani, dawa hizo za kutuliza uvimbe ndizo hutumika kwanza, kwa kuangalia tumbo na figo. Steroidi hutuliza haraka mno, na hapo ndipo mtego ulipo: maumivu mara nyingi hurudi kwa nguvu ukiziacha, na kuzimeza miezi mingi bila daktari kunaleta kisukari, shinikizo la damu na mifupa dhaifu. Kwa uvimbe unaoendelea, daktari wa viungo anaweza kuanzisha methotreksati. Tafadhali shika hili kama utaandikiwa: methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua watu. Haitumiwi na mjamzito.

Nitawaambukiza wenzangu?

Miezi baada ya kuugua, hapana. Mbu anahitaji kuvuta virusi kwenye damu, na huko havipo. Hatari ni wiki ya kwanza, na hapo mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana. Mjamzito anayejifungua akiwa na virusi kwenye damu ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwani takriban nusu ya watoto wanaozaliwa siku hizo huambukizwa na wengine huugua sana.

Naweza kuugua chikungunya tena?

Ni nadra mno. Kingamwili hudumu miaka mingi.

Virusi vingine vya mbu vinafanya hivihivi?

Ndugu wa karibu wanafanana. O'nyong-nyong, iliyozuka Uganda mwaka 1959 na kuwagusa watu wapatao milioni mbili, inakamata viungo vilevile ingawa hubebwa na Anopheles, mbu wa malaria. Ross River ya Australia nayo huacha maumivu ya miezi, na makrofaji zimeonekana kuibeba kwa muda mrefu maabarani.

Zika ni wa ukoo mwingine na hujificha kwingine. RNA yake hudumu kwenye manii kwa miezi, na kwa mjamzito huambukiza makrofaji za kondo la nyuma, ambazo zilipaswa kumlinda mtoto. Dengi huzigeuza monosaiti kuwa mawindo: kingamwili za dengi ya aina moja zinaweza kukisaidia kirusi cha aina nyingine kuingia kwenye seli hizohizo, ndiyo sababu dengi ya pili huweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Kila mara ni kisa kilekile cha kirusi kilichojifunza kupitia kwa mlinzi.

Chanjo ipo?

Zimetengenezwa mbili. Ya kwanza, ya virusi hai vilivyodhoofishwa, iliidhinishwa Marekani Novemba 2023. Ya pili, ambayo ni ganda la kirusi bila RNA ndani, iliidhinishwa huko Februari 2025. Agosti 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisimamisha leseni ya ile ya kwanza kutokana na taarifa za madhara makubwa. Zote ni za kukinga. Kwa aliyekwisha kuugua hazitibu maumivu.

Nikienda kwa daktari nimweleze nini?

Usiseme tu "viungo vinauma". Andika kwa wiki moja kabla ya kwenda. Asubuhi viungo vinachukua dakika ngapi kulegea? Zikizidi 30, daktari atafikiria kwamba kuna uvimbe hai ndani ya utando, na dawa atakazochagua zitabadilika. Viungo vipi hasa: vidole, vifundo vya mkono, vifundo vya mguu, magoti? Kipo kinachovimba mpaka pete haiingii? Kukitumia kunapunguza maumivu au kunazidisha? Homa ilianza tarehe gani?

Kisha ukiwa mbele yake kunja ngumi, na umwonyeshe vidole vinapoishia.